Jina lipo, kompyuta hailioni: jinsi programu zinavyosafisha maandishi na mahali zinapokosea

Katika mikutano ya vyama vya akiba na mikopo, iwe Masaka, Mbale au Gulu hapa Uganda, si ajabu kumsikia mwanachama akilalamika kwamba amejiandikisha, amelipia hisa zake na kitambulisho cha taifa anacho mkononi, lakini mfumo wa kompyuta unadai jina lake halilingani na lililosajiliwa. Mweka hazina atasema mtandao unasumbua. Mwanachama naye atashuku kwamba kuna mtu amelifuta. Wapo pia watakaosema kwamba mashine hizi zilitengenezewa majina ya Wazungu na ya kwetu haziyajui, na hao, kama tutakavyoona, hawako mbali sana na ukweli. Hata hivyo, mara nyingi jina lipo na hakuna aliyeligusa. Kilichopo ni nafasi tupu iliyojibanza mwishoni mwa jina, au ritifaa (ile alama iliyo katika "ng'ombe") iliyoandikwa kwa umbo jingine, au namba ya simu iliyopoteza sifuri yake ya mwanzo.

Makala haya yanaeleza zana ndogo ambazo wanaprogramu huzitumia kurekebisha kasoro za namna hiyo, na kwa nini zana hizo hizo, zikitumiwa na mtu asiyejua zinahesabu nini, huongeza kasoro badala ya kuzipunguza.

Kuna maneno matatu ya kuwekana sawa kwanza. Mfuatano wa herufi, au mfuatano kwa kifupi, ni maandishi yoyote ambayo programu inayashika kama kitu kimoja: jina, namba ya simu, anwani, au ujumbe mzima. Herufi hapa ina maana pana kuliko ile ya darasani, kwa kuwa tarakimu, nukta, ritifaa na hata nafasi tupu zote zinahesabiwa. Lugha ya skripti ni lugha ya kuandikia programu ambayo maagizo yake husomwa na kutekelezwa na programu nyingine, bila mwandishi kulazimika kuyageuza kwanza kuwa faili la lugha ya mashine. PHP, Python na JavaScript ni za kundi hili. Funksheni saidizi ni agizo lililokwisha kutengenezwa na kupewa jina, ambalo hupokea kitu na kurudisha kingine: lipe jina la mtu, litakurudishia idadi ya herufi zake, au jina hilo hilo likiwa limegeuzwa kuwa herufi kubwa tupu.

Mifano mingi ya hapa imetoka katika PHP, lugha aliyoianzisha Rasmus Lerdorf mwaka 1994 na kuitoa kwa umma mwaka 1995. Nimeichagua kwa sababu ni lugha ya tovuti za kawaida, zikiwemo zote zilizojengwa kwa WordPress, programu maarufu ya kutengenezea tovuti, na kwa sababu makosa yake katika maandishi yanafundisha vizuri.

Kompyuta hailinganishi majina

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Kila herufi ina namba yake, na namba hiyo huandikwa kwa baiti moja au zaidi, baiti ikiwa ni kipimo kidogo cha hifadhi kinachoweza kubeba thamani 256 tofauti. A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, na nafasi tupu ni 32. Kwa hiyo "Okello" na "okello" ni mifuatano miwili tofauti, na "Okello" yenye nafasi tupu mwishoni ni wa tatu. Binadamu anasoma jina moja mara tatu. Programu inaona baiti sita mahali pamoja na baiti saba mahali pengine, kisha inajibu, kwa haki kabisa, kwamba havilingani.

Kazi ya funksheni saidizi ni kuondoa tofauti ambazo kwetu hazina maana kabla ulinganisho haujafanyika. Iitwayo trim hukata nafasi tupu zilizo mwanzoni na mwishoni mwa mfuatano, bila kugusa zilizo katikati. Iitwayo strtolower hugeuza herufi zote kuwa ndogo, na mwenzake strtoupper huzigeuza kuwa kubwa. Iitwayo str_replace hutafuta kipande na kuweka kingine mahali pake. Iitwayo substr hukata kipande kuanzia mahali fulani, explode huvunja mfuatano kuwa orodha ya vipande kila inapokutana na alama uliyoitaja, na implode huviunganisha upya. Mtu anayezijua hizo saba anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha daftari la wanachama.

Inayowasumbua wanafunzi kuliko zote ni strpos, ambayo hutafuta kipande ndani ya mfuatano na kurudisha mahali kilipoanzia. Ukitafuta "Nakato" ndani ya "Nakato Sarah", jibu ni 0, na wengi hudhani hiyo ina maana kwamba hakikupatikana. Mahali katika mfuatano huhesabiwa kama kilomita za barabara itokayo Kampala kwenda Masaka: mji unaoanzia safari hauko kilomita ya kwanza, uko kilomita sifuri, kwa kuwa kinachopimwa ni umbali kutoka mwanzo. "Nakato" iko mwanzoni kabisa, haijasogea hata hatua moja, kwa hiyo ni 0. Shida ni kwamba PHP, ikiulizwa swali la ndiyo au hapana, huichukua 0 kuwa hapana. Programu inayouliza "je, strpos imepata kitu?" bila kutofautisha sifuri na hapana halisi itampata kila Nakato isipokuwa yule ambaye jina hilo limeandikwa mwanzoni. Toleo la PHP 8.0, lililotoka Novemba 2020, lilileta str_contains, ambayo hujibu ndiyo au hapana tu, na sioni sababu ya mtu kuendelea kutumia strpos kwa swali hilo leo.

Kama majina haya yanaonekana hayana mpangilio, moja likiwa na mstari wa chini na jingine likikosa, si macho yako. Baadhi yamerithiwa kutoka lugha ya C. Mengine yana asili ya ajabu zaidi: Lerdorf mwenyewe alieleza kwamba katika siku za mwanzo kabisa PHP ilizipanga funksheni zake ndani kwa kufuata urefu wa majina yao, kwa hiyo alichagua majina ya urefu mbalimbali ili zisirundikane mahali pamoja. Kazi ya siku chache imebaki kuwa msamiati wa dunia nzima.

Namba ya simu si namba

Namba ya simu ni kielelezo kizuri kwa sababu namba moja inaweza kutokea katika orodha kwa njia nne: ikianza na 0772, ikianza na +256772, ikianza na 256 na kutenganishwa kwa vistari, au ikianza na 772 tu. Njia ya nne kwa kawaida haikuandikwa na mtu. Mhudumu aliingiza orodha katika jedwali la Excel, Excel ikaona tarakimu tupu, ikadhani ni kiasi cha kitu, na kwa kuwa kiasi hakihitaji sifuri mbele, ikaiondoa. Namba yenye tarakimu 12 hupatwa na baya zaidi: Excel huionyesha kwa ufupisho wa kisayansi, kama 2.56772E+11, na jedwali hilo likihifadhiwa kama faili la CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato, kinachoandikwa ni ufupisho huo wenyewe. Tarakimu zilizobaki zimepotea, na hakuna funksheni inayoweza kuzirudisha. Ndiyo maana safu ya simu inapaswa kutajwa kuwa ni maandishi kabla ya namba ya kwanza kuingizwa.

PHP yenyewe ina mtego wa aina hiyo. Ukilinganisha mifuatano "0772" na "772" kwa alama mbili za usawa, PHP huona kwamba yote miwili inafanana na namba, huigeuza kuwa namba, na kusema iko sawa. Mwanaprogramu hufurahi, halafu hifadhidata, ambayo inalinganisha maandishi kama maandishi, inakataa. Alama tatu za usawa hulazimisha ulinganisho wa maandishi, na kwa kazi hii hizo ndizo zinazofaa.

Sasa tuseme tunataka kuondoa +256, msimbo wa Uganda, mwanzoni. Funksheni ltrim hukata mwanzoni mwa mfuatano, na inakubali kuambiwa ikate nini, kwa hiyo wengi huipa "+256" na kuridhika na matokeo. Lakini ltrim haikusoma "+256" kama neno. Imeisoma kama orodha ya herufi nne, na itaendelea kukata mradi herufi inayofuata imo katika orodha hiyo. Namba ya Uganda inayoanza +2567 hubaki ikianza na 7, kama ulivyotaka. Ya Kenya inayoanza +2547 hupoteza alama ya kujumlisha, 2 na 5, kisha hukwama kwenye 4, na kubaki ikianza na 47. Ya Tanzania inayoanza +2557 ndiyo ya hatari: alama ya kujumlisha, 2, 5 na 5 zote huondoka, na kinachobaki kinaanza na 7, sawasawa na namba ya Uganda. Mwanachama aliyejiandikisha kwa laini ya Mtukula upande wa pili amegeuzwa kuwa mtu mwingine, na hakuna onyo lolote lililotokea. Python ina mtego huo huo katika lstrip, na ndiyo sababu toleo la 3.9 la mwaka 2020 liliongezewa removeprefix, inayokata kipande kizima au isikate kabisa.

Njia salama zaidi ni kuanzia nyuma. Ondoa kwanza nafasi, vistari na alama ya kujumlisha kwa str_replace, ambayo inakubali kupewa orodha ya vitu vya kuondoa kwa mara moja. Kisha hesabu. Zikibaki tarakimu 12 zinazoanza na 256, au 10 zinazoanza na 0, au 9 kamili, chukua tisa za mwisho kwa substr, ukiiambia mahali pa kuanzia ni -9, kwa maana ya kuhesabu kutoka mwisho, halafu tanguliza 256. Chochote kisichoingia katika hali hizo tatu kiwekwe kando kiangaliwe na mtu. Sharti la kuhesabu lisirukwe, kwa kuwa namba za Kenya na Tanzania nazo zina tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi, na kukata tisa za mwisho bila kuangalia mwanzo kunaturudisha kwenye kosa lile lile la ltrim.

Ritifaa, ŋ na gharama ya ujumbe mfupi

Hapa ndipo wale wanaosema kompyuta hazikutengenezewa majina yetu wanapopata hoja. Herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za kawaida huchukua baiti moja kila moja katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti unaotumika karibu kila mahali siku hizi. Herufi ŋ, inayotumika katika Kiganda na Kiacholi, huchukua baiti mbili. Funksheni strlen, ambayo vitabu husema inahesabu herufi, kwa kweli inahesabu baiti. Mpe neno la Kiganda "eŋŋoma", lenye herufi sita, itakujibu 8. Ukiiomba substr herufi mbili za mwanzo, itakupa e na nusu ya ŋ, na hiyo nusu ndiyo inayoonekana kwenye skrini kama kialama cha swali ndani ya msambamba. Nayo strtoupper, katika PHP 8.2 na kuendelea, hugusa herufi za A hadi Z peke yake, kwa hiyo inatoa "EŋŋOMA". Dawa ipo: kundi la funksheni zinazoanza na mb, yaani mb_strlen, mb_substr na mb_strtoupper, ambazo zinahesabu herufi badala ya baiti. Kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo ina herufi 14 na kwa raia huanza na CM au CF, strlen inatosha kwa kuwa hamna ndani yake ila herufi za kawaida na tarakimu. Kwa majina ya watu haitoshi.

Ritifaa ina hila zaidi. Ile iliyonyooka, inayopatikana kwenye kibodi, huchukua baiti moja. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia na baadhi ya simu huiweka zenyewe bila kukuuliza, huchukua baiti tatu. Jina la Ng'ang'a, linalojulikana sana kwa majirani zetu Wakenya, lina baiti 8 likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na 12 likiandikwa kwa iliyopinda. Ukitumia mb_strlen utapata 8 kwa yote mawili, na bado hayatalingana, kwa sababu kuhesabu sawa si kufanana. Inabidi ritifaa zote zilizopinda zigeuzwe kuwa zilizonyooka kwa str_replace kabla ya ulinganisho. Na ukiwa katika Python, usimwachie funksheni title kazi ya kuweka herufi kubwa mwanzoni mwa majina: huhesabu ritifaa kuwa mpaka wa neno na kutoa "Ng'Ang'A".

Hasara ya ritifaa hiyo iliyopinda inaweza kuhesabiwa kwa shilingi. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 iwapo zote zimo katika alfabeti ya msingi ya GSM, yaani ya mitandao ya simu za mkononi, na ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo, wala ŋ. Herufi moja tu ya nje ikiingia, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na uwezo hushuka hadi herufi 70. Ukizidi hapo hugawanywa katika vipande vya herufi 67. Chukua tangazo la mkutano lenye herufi 150. Kwa kawaida ni ujumbe mmoja. Likiwa na "ng'ombe" yenye ritifaa iliyopinda, linakuwa jumbe tatu, na chama chenye wanachama 300 kinalipia jumbe 900. Kugeuza ritifaa kwa mstari mmoja wa str_replace kabla ya kutuma kunarudisha fedha hizo. Kwa ŋ sipendekezi vivyo hivyo. Kubadili tahajia ya lugha ya mtu ili kupunguza gharama ni uamuzi wa chama, si wa mwanaprogramu.

Ipo pia nafasi tupu isiyokatika, ambayo mara nyingi huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti. Inafanana kabisa na nafasi ya kawaida, ila trim haiitambui, kwa kuwa trim ya PHP inajua herufi sita tu za kukata na hiyo si mojawapo. Funksheni mb_trim, iliyokuja na PHP 8.4 mwaka 2024, inaiondoa.

Kufanana si kuwa mtu mmoja

Watu wengi hapa nchini huandika jina la ukoo kwanza leo na jina la ubatizo kwanza kesho. Hilo linatatulika: vunja jina kwa explode, tupa vipande vitupu vilivyoletwa na nafasi mbili mfululizo, panga vilivyobaki kwa alfabeti, viunganishe tena. "Sarah Nakato" na "Nakato Sarah" yatakuwa kitu kimoja.

Kinachofuata ndicho kinachonitia wasiwasi. Baada ya mpangilio, mtu hutaka mashine ivumilie makosa ya tahajia, na PHP ina funksheni levenshtein, iliyopewa jina la mwanahisabati Mrusi Vladimir Levenshtein aliyeeleza kipimo hicho mwaka 1965. Huhesabu ni mabadiliko mangapi ya herufi yanahitajika ili neno moja liwe jingine. Kati ya "Okello" na "Okelo" ni badiliko moja, na huenda huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa vibaya. Kati ya "Okello" na "Akello" nako ni badiliko moja, lakini kwa Waacholi na Walango huyo wa kwanza ni mwanamume na wa pili ni mwanamke, na wanaweza kabisa kuwa kaka na dada waliojiunga na chama siku moja. Opio na Apio ni hivyo hivyo. Kwa Waganda, Kato na Nakato, majina yakishageuzwa kuwa herufi ndogo, wako mbali kwa herufi mbili tu, na ni watu wawili. Mfumo ulioambiwa ukubali tofauti ya herufi moja au mbili utalipa mkopo wa dada kwa kaka. Funksheni soundex, inayolinganisha majina kwa matamshi, nayo ilibuniwa Marekani kwa majina ya huko. Zana hizi zinafaa kumwonyesha karani orodha ya majina ya kuyachunguza. Kufanya uamuzi wa malipo haziwezi.

Je, kufuta ritifaa kunazuia wezi?

Baadhi ya fomu za mtandaoni hukataa kabisa jina lenye ritifaa, na sababu inayotolewa ni usalama. Imani hii ina chanzo cha kweli. Katika maagizo ya hifadhidata, ritifaa huonyesha mahali maandishi yanapoishia, kwa hiyo mwanaprogramu akiyabandika maandishi ya mtumiaji ndani ya agizo, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuifunga sehemu ya jina na kuendelea na maagizo yake mwenyewe. PHP iliwahi kujaribu kulitatua kwa kuongeza mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa inayoingia, na matokeo yakawa majina yaliyojaa mikwaju kwenye risiti na barua. Utaratibu huo uliondolewa katika toleo la 5.4 mwaka 2012.

Tiba haimo katika funksheni za maandishi kabisa. Ni kulituma agizo kwa hifadhidata likiwa na nafasi zilizoachwa wazi, kisha kuyatuma maandishi ya mtumiaji kando, ili yasisomwe kamwe kama agizo. PHP imekuwa na uwezo huo ndani ya PDO, sehemu yake ya kuzungumza na hifadhidata, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005. Maandishi yakifika wakati wa kuonyeshwa kwenye ukurasa, ndipo htmlspecialchars inapofanya kazi yake ya kuzuia alama zisigeuke kuwa sehemu ya ukurasa. Mfumo unaomkataza Ng'ang'a kuandika jina lake haujapata usalama wowote wa ziada.

Kwa anayejenga au kuagiza mfumo wa chama, linalobaki ni mahali pa kuweka matokeo ya usafishaji huu wote. Jina lililokatwa nafasi, likapunguzwa kuwa herufi ndogo, likapangwa kialfabeti na kunyooshwa ritifaa linafaa kulinganishwa, lakini halifai kuandikwa kwenye risiti. Hifadhidata iwe na safu mbili: moja yenye jina kama mwenyewe alivyoliandika, isiyoguswa na funksheni yoyote, na nyingine yenye umbo la kulinganishia, ambayo inaweza kufutwa na kutengenezwa upya kutoka safu ya kwanza kila kanuni za usafishaji zinapobadilika. Na pale majina yanapokataa kulingana, mfumo umwonyeshe karani yote mawili pamoja na idadi ya herufi za kila moja, kwa sababu 8 upande huu na 9 upande ule humwambia mara moja kwamba kuna herufi isiyoonekana ya kutafutwa.